Mbolea Ndiyo Iliyochagua Mbegu

Kama umetazama anime ya kutosha, hicho kichupa unakijua. Cha udongo, shingo nyembamba, na vikombe vidogo pembeni. Mzee anamiminiwa, anafunga macho, anaanza kusimulia maisha yake. Hiyo ni sake, pombe ya mchele ya Wajapani. Na kabla mtu hajaniandikia kwamba naharibu watoto wa wenyewe, leo siongelei kunywa. Naongelea shamba.

Nilianza kufuatilia hii stori kwa sababu ya katuni moja, nitaifikia. Nilidhani nitasoma dakika kumi nilale. Saa tisa usiku bado nilikuwa macho nasoma kuhusu samadi. Kwa sababu ukiangalia vizuri, historia ya mpunga wa sake inajibu swali ambalo sisi huku hatuulizi kabisa: mbegu ya zamani ikipotea, ni nani alikaa chini akaamua ipotee?

Tuanze na mpunga wenyewe. Kiswahili kimeturahisishia maisha: shambani ni mpunga, dukani ni mchele, kwa sahani ni wali. Mpunga wa kupikia sake ni mpunga kama mwingine, lakini punje yake ni kubwa na katikati ina kiini cheupe kama chaki. Wajapani wanakiita shinpaku, yaani moyo mweupe. Hapo ndipo wanga umekaa kwa ulegevu, na hapo ndipo kuvu inayoitwa koji inapenda kuingia igeuze wanga kuwa sukari, kisha hamira imalizie kazi. Wanaojua busaa wamenielewa. Kwa busaa kazi ya kutengeneza sukari inafanywa na kimea, kwa sake inafanywa na kuvu.

Nje ya huo moyo kuna protini na mafuta, na hivyo ndivyo wapika sake hawavitaki, kwa sababu vikizidi pombe inakuwa nzito na inapoteza harufu. Ndiyo maana mchele unakobolewa na kukobolewa tena. Sake ya daraja linaloitwa daiginjo lazima ikobolewe mpaka ibaki nusu ya punje au chini ya hapo. Sasa shika hili, kwa sababu stori yote imesimama hapa: mpunga ukilishwa naitrojeni nyingi, protini kwa punje inapanda. Mpunga wa sake mzuri ni ule ambao haukushibishwa mbolea.

Kitu kingine, mipunga hii ya zamani ni mirefu. Omachi, aina moja ya zamani sana, hupita mita moja na nusu. Ukiumwagia mbolea unarefuka zaidi, masuke yanakuwa mazito, upepo ukija unalala. Mpunga ukilala kwenye matope unaoza, au unaota hapo hapo kabla hujavuna. Kila mkulima wa sake alijua: huu mpunga unalimwa kwa mkono mwepesi.

Omachi haikutengenezwa na mtu. Mwaka 1859, mkulima wa Okayama aliyeitwa Kishimoto Jinzo alikuwa anarudi kutoka kuhiji mlima Daisen, akaona masuke mawili kwa shamba la watu yakiwa tofauti na mengine. Akaomba, akaenda nayo nyumbani, akapanda. Ya pili ninayoipenda ni ya mwaka 1893, kaskazini huko Yamagata. Baridi ilikuwa imeharibu mpunga wa watu mwaka huo. Mkulima mwingine, Abe Kameji, akaona masuke matatu yamesimama katikati ya mpunga uliolala. Matatu tu. Akachukua, akapanda, akachagua mwaka baada ya mwaka hadi akapata aina iliyoitwa Kame no O, yaani mkia wa kobe. Kobe, kwa sababu hilo neno limo ndani ya jina lake mwenyewe. Mchele maarufu zaidi Japani leo, ule wa Koshihikari unaouzwa hadi kwa mahoteli makubwa, una damu ya yale masuke matatu.

Hakuna digrii hapo. Ni watu waliokuwa wanaangalia shamba kwa makini. (Nimeacha chuo kwa hivyo siwezi kuwa hakimu wa haki kwa hii mada, tuendelee.)

Baadaye serikali iliingia na vituo vya utafiti. Mkoa wa Hyogo ulichanganya aina mbili mwaka 1923, na mwaka 1936 ukaupa mpunga uliotokea jina la Yamada Nishiki. Mpaka leo huo ndio unaoitwa mfalme wa mpunga wa sake. Nao pia ni mrefu, nao pia unalala.

Lakini serikali haikuwa inapenda sake kwa sababu ya ladha. Ilipenda kodi. Mwisho wa karne ya 19 ushuru wa pombe ulikuwa unaleta karibu theluthi moja ya kodi zote za Japani. Pesa hiyo ndiyo iliyosaidia kujenga jeshi. Na mwaka 1899 wakapiga marufuku watu kujipikia nyumbani. Pombe ya kijijini, doburoku, iliyokuwa inapikwa na kina mama kwa mchele wa shamba lao, ikawa kosa la jinai. Mkenya hahitaji kuelezewa hii sehemu. Chang'aa ilikuwa haramu hapa kwetu kutoka 1980 hadi 2010, na tunajua marufuku haikuimaliza, iliisukuma tu uchochoroni.

Halafu ikaja vita. Watu wanalala njaa, nani atakuachia shamba la mpunga wa pombe? Chakula kwanza, na hapo siwalaumu. Kilichonishangaza ni kilichofuata baada ya vita. Mchele ulikuwa haba, wapika pombe wakaruhusiwa kuongeza spiriti, sukari na asidi hadi lita moja inakuwa tatu. Hiyo aina iliitwa kwa jina ambalo maana yake ni kuzidisha mara tatu, hata hawakujaribu kuficha. Na ilipangwa iwe ya muda. Mchele ulirudi kwa wingi, na hiyo pombe ikabaki madukani miaka mingine mingi, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilikuwa na faida. Sasa fikiria wewe ni mpika sake, sehemu kubwa ya chupa yako ni spiriti na sukari. Utahangaika na mkulima anayelima mpunga wa mita moja na nusu? Ya nini?

Wakati huo huo shambani kulikuwa na mapinduzi mengine. Mbolea ya viwandani ikawa rahisi. Dawa zikaja, mpaka za zebaki za kupigana na ugonjwa wa mpunga. Zikaja mashine za kuvuna, na mashine haipendi mpunga uliolala. Wataalamu wakatafuta aina fupi, zinazoweza kula mbolea nyingi na bado zisimame wima. Zilipopatikana, zile ndefu zikaanza kutupwa. Kame no O ilikuwa na shida ya ziada: kwa mbolea ya kemikali ilidhoofika kabisa. Ilitaka samadi na mboji, kama ilivyozoea. Basi ikaachwa. Omachi nayo ikapungua hadi ikabaki vipande vichache vya shamba Okayama.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hakuna mtu aliyeonja Kame no O akasema ni mbaya. Hakuna kikao kilichoipigia kura itoke. Kulikuwa na gunia la mbolea, na kila aina iliyoshindwa kuvumilia hilo gunia iliondoka. Tukisema mkulima alichagua mbegu bora tunakosea. Mbolea ilichagua, mkulima akafuata, kwa sababu bei ya mchele na mkopo wa mashine havikumwachia njia nyingine.

Na utani wenyewe ni huu. Mwaka 1970, baada ya kusukuma mavuno juu kwa nguvu zote, Japani ilijikuta na mchele mwingi kuliko watu wa kuula. Serikali ikaanza kuwalipa wakulima wasipande. Sera hiyo ilidumu karibu nusu karne, hadi 2018. Yaani mlitupa mbegu za babu zenu ili mpate mchele mwingi, halafu mkalipana ili msiulime. Mwaka uliofuata, 1971, korongo mweupe wa mwisho wa porini nchini humo alikufa, huko Toyooka, mkoa wa Hyogo. Korongo hula vyura na samaki wa majaruba, yale mashamba ya matuta yaliyojazwa maji. Alikuwa amewindwa, miti yake ya kutagia ilikatwa, na mwishowe dawa zikamaliza chakula chake na kuingia mwilini mwake. Hyogo ndiyo nyumbani kwa Yamada Nishiki, mfalme wa mpunga. Mfalme alibaki, ndege akaenda.

Sasa twende kwa ile katuni.

Mwaka 1980, kiwanda kidogo cha familia ya Kusumi huko Niigata kilikuwa na mpishi mkuu mzee, na huyo mzee alikuwa anaisifu sake ya zamani iliyopikwa kwa Kame no O. Mpunga wenyewe haukuwepo tena shambani. Mwenye kiwanda akatafuta, akapata punje 1,500. Hesabu hiyo ni ndogo mno, punje zenyewe zinaenea kwa viganja. Wakapanda, wakavuna mbegu, wakapanda tena, na majira ya baridi ya 1983 wakapika sake ya kwanza. Stori hiyo ndiyo iliyompa mchoraji Akira Oze wazo la manga yake, Natsuko no Sake, iliyotoka gazetini kuanzia 1988 hadi 1991 na baadaye ikawa mchezo wa televisheni. Msichana anafanya kazi kampuni ya matangazo Tokyo, kaka yake anakufa, anarudi kijijini kulima mbegu ambayo kaka alikuwa ameitafuta. Bila dawa. Anagombana na kijiji kizima, kwa sababu majirani wananyunyizia dawa kwa helikopta na helikopta haijui mpaka wa shamba lako.

Na sababu ya kulima bila kemikali inazidi mapenzi ya mazingira, ndiyo maana hii stori ilinishika. Mbegu yenyewe ilikuwa inadai. Ukitaka Kame no O lazima urudi kwa samadi, lazima upunguze naitrojeni, lazima upalilie. Ukirudisha mbegu ya zamani inakuja na kilimo chake mgongoni. Wapika sake wengi walianza kulima kijani kwa sababu walitaka ladha fulani, na ladha hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mmea usiovumilia gunia. Halafu kulikuwa na doo. Mtu anayenunua kilo ya mchele wa kula anataka bei ya chini. Mtu anayenunua chupa ya sake nzuri yuko tayari kulipa zaidi. Huyo mnywaji ndiye aliyelipia magugu.

Maana magugu ndiyo kesi yenyewe, tusidanganyane. Kuacha dawa ni rahisi kusema mtandaoni. Kwa jaruba, ukiacha dawa ya magugu unarudi kuinama mwezi wa sita na jua la kichwa. Kuna wanaotumia bata. Takao Furuno, mkulima wa mkoa wa Fukuoka, alianza mwaka 1988 kuachilia vifaranga vya bata ndani ya mpunga: wanakula magugu na wadudu, wanakoroga matope, kinyesi chao ni mbolea. Ila mpunga ukitoa masuke lazima bata watolewe, la sivyo wanakula mavuno. Wengine wanajaza maji ya kina kirefu kuyazamisha magugu. Wengine wanamwaga pumba, zile zile zinazobaki mchele ukikobolewa. Pumba zikioza zinanyonya oksijeni na kutoa asidi juu ya matope, na magugu yanashindwa kuota. Hii naipenda kwa sababu mpika sake ana pumba nyingi kuliko anavyojua la kufanya nazo.

Kuna kiwanda kinaitwa Niida Honke, kiko Koriyama, mkoa wa Fukushima. Kilianza mwaka 1711. Mwaka 1967, wakati kila mtu anamwaga kemikali, wao walianza kupika sake ya mpunga uliolimwa bila dawa wala mbolea ya dukani. Ilianza kama sehemu ndogo tu ya kazi yao. Wakaongeza polepole, vizazi viwili. Lengo likawa siku moja mpunga wao wote uwe hivyo, na walilifikia mwaka 2011, mwaka wa kutimiza miaka 300.

Mwaka 2011. Fukushima. Machi 11.

Tetemeko, mawimbi, kisha kinu cha nyuklia kikapasuka kilomita zipatazo 60 kutoka hapo. Miaka zaidi ya arobaini umekataa kuweka sumu kwa udongo wako, halafu sumu inaanguka kutoka angani, na haikuulizi ulilima vipi. Watu wakaacha kununua chochote chenye jina la Fukushima. Na kuna kitu cha kikatili zaidi: wakulima wa mkoa walishauriwa kumwaga potasiamu shambani, kwa sababu mmea ukishiba potasiamu haunywi sesiamu. Mkulima wa asili, chagua sasa. Kuanzia mavuno ya 2012 mkoa ukaanza kupima kila gunia la mchele, takriban magunia milioni 10 kwa mwaka, moja moja, juu ya mkanda wa mashine. Niida Honke hawakuhama. Walipanda. Hadi leo wanapika.

Huwa nafikiria huo uamuzi wa kupanda msimu ule kuliko nafikiria sake yenyewe.

Huko Toyooka nako korongo wamerudi, lakini baada ya shughuli. Mwaka 1985 walipokea ndege wachanga kutoka Khabarovsk, Muungano wa Kisovieti, mwaka 1989 wakapata vifaranga, na Septemba 2005 wakaachilia watano wa kwanza angani. Kabla ya kuachilia ilibidi warekebishe majaruba, kwa sababu ndege ukimwachilia kwa shamba lisilo na chura umemwachilia afe njaa. Wakulima wakakubali kupunguza dawa au kuziacha, kujaza maji hata wakati wa baridi, na kuchelewesha siku ya kukausha shamba hadi viluwiluwi wawe vyura wenye miguu. Kuna mpunga wa sake unaolimwa kwa njia hiyo hiyo. Chupa ina picha ya korongo na, kwa mara moja, picha kwa chupa haidanganyi.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, na watu wa mazingira mnisamehe. Jaruba lililojaa maji linatoa methani, gesi inayopasha dunia joto. Zaidi ya asilimia 40 ya methani ya Japani inatoka kwa mpunga. Dawa yake inajulikana: kausha shamba katikati ya msimu, na ukiongeza wiki moja ya ukavu methani inapungua kwa takriban asilimia 30. Tangu 2023 mkulima wa Japani anaweza kupata pesa za kaboni kwa hiyo wiki. Lakini hiyo wiki ndiyo inayoua viluwiluwi. Toyooka wanachelewesha kukausha ili chura aishi, mpango wa kaboni unalipa ukaushe zaidi. Zote mbili zinaitwa kilimo endelevu. Ukiona neno hilo kwa chupa au kwa gunia, uliza ni endelevu kwa nani, chura au anga?

Na tusipake rangi. Mashamba ya kilimo hai Japani ni chini ya asilimia 1 ya ardhi yote ya kilimo. Serikali mwaka 2021 ilisema inataka asilimia 25 ifikapo 2050. Pombe yenyewe iliruhusiwa kubeba nembo rasmi ya kilimo hai Oktoba 2022 tu. Na ile tabia ya kukoboa punje hadi nusu, halafu tuseme tunaheshimu jasho la mkulima, mimi inanisumbua. Afadhali wale kama Terada Honke wa Chiba, wapika sake tangu 1673, ambao wana sake ya mchele usiokobolewa kabisa.

Mbona nawaeleza haya yote wakati wengi wetu hatujawahi kunusa sake? Kwa sababu ya Mwea. Mradi wa mpunga ule ulichimbwa na wafungwa wa wakati wa Mau Mau miaka ya 1950, na baadaye Wajapani wa JICA wamekuwa hapo miaka mingi na mifereji na utafiti. Mpunga uliofanya Mwea ijulikane ni pishori. Pishori ni mrefu. Pishori ukizidishiwa naitrojeni unalala. Umeona tunapoelekea? Mavuno yake ni madogo ukilinganisha na aina mpya, kama Komboka, iliyoidhinishwa mwaka 2013, fupi, inayotoa magunia mengi kwa ekari. Na ukweli ni kwamba tunahitaji magunia, mchele mwingi tunaokula Kenya unatoka nje kwa meli. Sitamwambia mkulima mwenye karo ya watoto alime harufu.

Kuna njia ya katikati iliyojaribiwa pale pale, ya kupanda mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, kwa nafasi, na kulowesha na kukausha shamba kwa zamu. Ilizaliwa Madagaska miaka ya 1980 kwa padri mmoja Mfaransa, Henri de Laulanié, na Profesa Bancy Mati wa JKUAT akaileta Mwea karibu 2009. Maji kidogo, mbegu kidogo, mabua yenye nguvu zaidi. Pishori inasimama vizuri zaidi hivyo. Lakini ina kupalilia kwingi, na sisi hatuna mnywaji wa Tokyo wa kulipia magugu.

Tuna mnunuzi wa Nairobi. Jumamosi nilienda sokoni, nikamuuliza mama muuzaji kama ile pishori ni pishori kweli. Akacheka, akaniambia, "Kijana, ya bei hiyo imechanganywa, kila mtu anajua. Ile yenyewe iko kwa gunia la nyuma." Nikauliza tofauti ni ngapi. Akataja. Nikasimama pale nikipiga hesabu ya wiki, kisha nikanunua kilo moja ya lile gunia la nyuma na kilo mbili za la mbele.